Maji ya Bimdogo

Jumapili, kuanzia saa saba mchana, ukumbi wa Dama hujaa watu waliotoka kumwomba Mungu mmoja kwa kupitia milango minne. Dama mwenyewe ni wa Kengele, kanisa la zamani lililoletwa pwani pamoja na kengele yake. Wifi yake Everlyne ni wa Ngoma, na kila Jumapili huingia sauti imemkauka. Mzee Ngowa, karani mstaafu wa bandarini anayekaa kichochoro cha pili, ni wa Jumamosi, kwa hivyo Jumapili yeye huja kula tu, sala zake alishamaliza jana. Na Kahindi, mwana wa pekee wa Dama, tangu alipojuana na Mirriam, alihamia kwa Wazamishaji, wanaobatiza kwa kumzamisha mtu mzima majini. Majina haya hayakuandikwa kwenye kibao cha kanisa lolote. Ni ya mtaa, na mtaa ukikupa jina haukuulizi kama limekukaa.

Mwenye nyumba, Bimdogo, hukaa ghorofani. Nyumba ni ya ukoo wao, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mombasa, na Dama amepanga vyumba vya chini mwaka wa thelathini huu. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi za nazi hapo hapo mlangoni. Bimdogo akiisha kuswali adhuhuri hushuka ngazi taratibu, akilalamikia goti, akavuta kigoda karibu na mlango na kusema, "Haya, nambieni. Leo nani kaingia motoni?"

Watu hucheka, chai ikamiminwa, na maneno yakaanza. Dama anapenda nyumba yake ikiwa hivyo. Husema nyumba isiyo na kelele Jumapili ni ya kupangisha.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti aliinua kawa mezani apakue wali, akakuta karatasi chini yake. Ilikuwa fomu ya kanisa la Wazamishaji, ya kuomba ubatizo na kufungiwa ndoa, imejazwa kwa mwandiko wa Kahindi ulionyooka kama rula. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Halafu: *Umewahi kubatizwa?* Na mbele yake: *Hapana.* Chini ya hapo waliuliza na nani, na wapi, na Kahindi alikuwa amepiga mistari miwili mifupi.

Dama aliisoma mara mbili, kwa miwani yake ya mkono mmoja. Akaikunja, akaitia ndani ya kanga kiunoni, akapakua wali. Watu walikula, walibishana kidogo juu ya mwimbaji fulani aliyehama kwaya, wakaaga. Hakuna aliyegundua kitu ila Bimdogo, ambaye alipopanda ngazi alisema, "Leo chai yako haikuwa na sukari, shoga. Una jambo."

Kahindi alirudi kutoka kumsindikiza Mirriam, akaanza kuitafuta karatasi yake.

"Ninayo mimi," alisema Dama. "Hii hapana ni ya nini?"

"Ni fomu tu, mama."

"Nimeona ni fomu. Nauliza hapana."

Kahindi alikaa. Yeye ni karani kwa wakala mmoja wa forodha Kilindini, na kazi yake yote ni kujaza makaratasi ya mizigo ya watu. Alimweleza mamake kwa upole, kama anavyowaeleza wateja. "Ukiandika ndiyo, wataka kujua na nani. Ukisema na nani, wataka cheti. Ukileta cheti, wasema huo si ubatizo, hukuzama. Mwisho utazama tu. Nikiandika hapana, mambo yanapita. Hata bandarini ndivyo. Mzigo wenye habari ndefu husimama. Mzigo mpya huenda."

"Kwa hivyo wewe ni mzigo mpya."

"Mama, tarehe ya harusi ni Desemba. Wazee wao wamesema bila kuzamishwa hakuna ndoa kanisani kwao. Mara moja tu, naingia majini, natoka."

"Na Chonga?"

Jina hilo Kahindi alilijua kwa kulisikia, kama mtu anavyolijua jina la babu aliyekufa kabla hajazaliwa. Chonga alikuwa pacha wake. Walizaliwa chumba kile cha ndani, kabla ya siku zao, masika ya mwaka ambao mvua ilifunga njia na mkunga akachelewa. Chonga alitangulia, Kahindi akafuata, na hadi alasiri Chonga alikuwa hayupo.

"Mlipewa maji mamoja," alisema Dama. "Bakuli moja, saa moja, maneno yaleyale. Yakiwa si kitu kwako, si kitu kwake. Wewe utapata mengine. Yeye atayapata wapi?"

Alisema bila kupandisha sauti, akakusanya sahani. Kahindi alibaki na karatasi yake, na kwa mara ya kwanza kazini au nyumbani hakujua ajaze nini.

Lakini Dama alikuwa na lake ambalo mwanawe hakulijua, na ndilo lililompandisha ngazi kwa Bimdogo baada ya vyombo kuoshwa.

Siku ile ya masika, ndani ya chumba hapakuwa na mtu ila wao wawili. Gunga, mumewe, alikuwa zamu bandarini. Dama alikuwa kalala, hawezi hata kuinua kichwa, Kahindi yuko kifuani, na Chonga yuko mikononi mwa Bimdogo, anageuka rangi. Utotoni, kwenye mafundisho, mwalimu wao wa kanisa aliwakaririsha kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, maadamu pana maji na yale maneno ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Dama alimwambia Bimdogo, mwagia. Bimdogo akatazama huku na huku, akachukua bakuli lake la kaure lenye maua, alilokuwa ameshuka nalo na uji, akalisuuza, akatia maji ya mtungi. Dama akasema maneno. Bimdogo akamwaga, kwanza kwa Chonga, kisha kwa Kahindi.

Waliporudi kumzika Chonga kijijini kwao, upande wa Kaloleni, mwalimu wa kanisa aliuliza kama mtoto amebatizwa, kwa sababu waliobatizwa huzikwa ndani ya ua wa kanisa na wengine nje. Dama alisema ndiyo. Mwalimu akauliza na nani. Dama akasema, "Maji yalikuwapo na maneno yalikuwapo." Mwalimu alimhurumia, akaandika hivyo hivyo, na Chonga akalala ndani ya ua. Mkono uliomwaga ulikuwa wa nani, Dama hakumwambia mtu miaka ishirini na saba. Ukitazama sana, hata yeye aliijaza fomu yake kwa mtindo wa bandarini.

"Mimi n'limwaga maji," alisema Bimdogo, alipokwisha kuelezwa. "Maneno ulisema wewe. Mimi hapo nilikuwa kama mfereji."

"Najua."

"Na sikumwambia hata marehemu mume wangu. Angenizungusha kwa kila sheikh wa mji huu aulize kama kumwaga maji ni dhambi." Akakanda goti lake. "Lile bakuli sijalitumia tena. Si kwa ubaya. Kila nikilishika namuona yule mtoto."

"Wakijua ni wewe, hata sisi wa Kengele watasema haukuwa ubatizo. Watamtoa nje ya ua."

"Watamtoaje, yuko chini?"

"Kwenye daftari, Bimdogo."

Bimdogo alifikiri. "Na huyo mchungaji wa maji mengi, ni mtu wa kusikia?"

"Kijana wa bara. Ana adabu."

"Basi mwite aje ale. Mtu akishakula kwako, kukukataa humchukua muda zaidi."

Mchungaji Jared alikuja Jumapili iliyofuata pamoja na Mirriam. Alikuwa mrefu, hajazoea joto, leso haikumtoka mkononi. Mirriam, ambaye ni mwalimu wa chekechea huko Tudor na amezoea kunyamazisha watu arobaini kwa jicho, aliingia jikoni moja kwa moja akashika kibao cha mbuzi akaanza kukuna nazi. Ukumbi ulikuwa umejaa kupita siku zote. Habari ya fomu ilishafika mtaa wa Bondeni na kurudi.

Walipokula, Everlyne akaanza, kwa sauti yake iliyokauka. "Mchungaji, sisi hatukusoma sana. Tuonyeshe kwenye Biblia jina la kanisa lako limeandikwa wapi."

"Halimo, dada," alisema Jared.

"Na la kwetu?"

"Halimo pia."

"La Kengele?" aliuliza Mzee Ngowa.

"Halimo, mzee. Wala lenu la Jumamosi. Siku imo, jina la kanisa halimo."

Bimdogo alikohoa mlangoni. "Kwa hivyo mwagombania lisilokuwamo."

Watu walicheka, na Jared naye akacheka. Alikuwa mtu wa haki, hilo lazima lisemwe. Akaeleza kwamba makanisa ya kwanza yaliitwa kwa miji yake, la Efeso, la Korintho, kama vile leo useme la Mombasa, basi. Majina mengine yote ni ya watu. "Lakini jina si neno," alisema. "Neno ni mafundisho. Tukitofautiana mafundisho, hatuwezi kujifanya hatukutofautiana. Maandiko yanasema ubatizo ni mmoja."

"Mmoja," alisema Everlyne. "Na wewe wataka kumpa huyu wa pili."

"Si wa pili, dada, ikiwa wa kwanza haukuwa."

Dama aliweka birika chini. "Haukuwa kwa nini, mchungaji?"

Jared alimtazama, akaona kwamba anayeuliza si mtu wa kubishana. Akajibu polepole. Kubatizwa ni kuzikwa na kufufuka, na mtu hazikwi kwa kunyunyiziwa. Tena mtu huamini kwanza, na mtoto wa saa moja hawezi kuamini. Wala kurudia si jambo geni: kule Efeso palikuwa na watu kama kumi na wawili, walikuwa na ubatizo wa Yohana, na Paulo alipowakuta wakabatizwa upya. Yote aliyosema yalikuwamo. Dama hakuwa na aya ya kumrudishia. Aliyajua mahamri, na alimjua mmoja aliyelala ndani ya ua upande wa Kaloleni.

Basi akasimulia. Alisimulia mvua, na mkunga, na rangi ya mtoto. Alipofika kwenye bakuli alisita, akamtazama Bimdogo. Bimdogo akatikisa kichwa kukubali, na Dama akasema mkono ulikuwa wa nani.

Mzee Ngowa alivua kofia, akaivaa tena. Everlyne, aliyeijua nyumba ile miaka yote na kuamini hakuna siri yake iliyompita, alimkodolea macho Bimdogo, kisha wifi yake.

"Sasa, mchungaji," alisema Dama, "huyu wangu aliye hai mmeshamwandikia hapana. Yule mwingine mtamwandikia nini?"

Jared alijifuta uso. "Watoto ni wa Mungu, mama Kahindi. Yule hakuhitaji maji."

"Yeye hakuhitaji. Mimi nilihitaji. Nilikuwa sina kingine cha kumpa."

Mirriam alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono ina machicha ya nazi. Aliikung'uta, akachukua Biblia ya Jared mezani kama anavyochukua daftari la mtoto, akafungua.

"Mchungaji, somo hili ulinifundisha wewe," alisema. "Hawa wa Korintho, huyu asema mimi wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Paulo akawauliza kama Kristo amekatwa vipande. Halafu akaanza kuhesabu aliowabatiza kwa mkono wake. Krispo, Gayo. Akafikiri wamekwisha. Kisha akakumbuka nyumba ya Stefana. Kisha akasema hakumbuki kama wapo wengine." Akafunga kitabu. "Hakumbuki. Mkono uliomwaga ungekuwa ndiyo hesabu, mtu kama Paulo asingesahau."

"Hilo ni la mkono," alisema Jared. "Sikukataa mkono. Nimesema imani, nimesema kuzama."

"Basi nije kwenye imani. Mimi nilizama nina miaka kumi na tisa kwa sababu niliamini, na baba yangu hakusema nami mwezi mzima. Huyu wangu ataka kuzama kwa sababu ya ukumbi na tarehe. Kuzama kwa ajili ya tarehe kumeandikwa wapi?"

"Mirriam," alisema Kahindi.

"Nauliza tu. Siku ukiamini kama nilivyoamini, nitakushika mkono nikupeleke majini mwenyewe. Lakini hii hapana uliyoandika, uliiandika kwa haraka, na mimi sitaki kuolewa kwa haraka."

Jared alikunja leso yake. Akasema, na wote walimsikia, "Halikuandikwa. Ni utaratibu wetu."

Kahindi aliitoa fomu mfukoni. Ilikuwa imechakaa mikunjo kwa wiki ile moja kuliko karatasi ya mwaka. Akaiweka mezani kati ya sahani, akaomba kalamu, na Mzee Ngowa, ambaye mfuko wa shati lake haujawahi kukosa kalamu hata baada ya kustaafu, akampa. Kahindi akapiga mstari juu ya hapana, akatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa mtu akisahihisha, akaandika ndiyo. Kwenye na nani, alianza kuandika huku akisoma kwa sauti: "Mama yangu, Dama Gunga, na Bimdogo—"

"Ngoja," alisema Bimdogo. "Mimi andika maji tu. Maneno usiniandikie, n'na kwetu kwa kujibu."

Akaandika: *Maneno, mama yangu. Maji, Bimdogo.* Na kwenye wapi akaandika: *Hapa.*

Jared aliisoma, akaitia ndani ya Biblia yake. Alisema ataipeleka kwa wazee wa kanisa na kuisimamia, lakini hawezi kuahidi. Bimdogo akamwambia mtu asiyeahidi ndiye anayeaminika zaidi, na akamwongeza wali.

Wazee walikataa. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la heshima, bila matusi kwa mtu: utaratibu ni utaratibu. Kahindi alilipokea kama mtu anayepokea karatasi iliyorudishwa na forodha, akasema basi waende kwa Kengele.

Dama alikwenda na vijana wote wawili kwa kasisi wao, akamweleza kila kitu, na safari hii hakuficha mkono. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kasisi, mzee mwenye sikio moja zito, alimrudisha nyuma mara mbili kwenye habari ya bakuli, kisha akasema maji ni maji na maneno ni maneno, na mtoto alale salama pale alipo. "Ila msilitangaze sana," aliongeza. Miaka ishirini na saba ilimwondoka Dama kifuani kwa sentensi moja, tena ya mtu aliyekuwa akitafuta miwani yake.

Kisha kasisi akamgeukia Mirriam. Huyu naye, alisema, ubatizo wake wa kule hatuna shida nao sana, lakini itabidi aanze mafunzo kama mgeni, miezi sita, halafu awekewe mkono na askofu. Kabla ya hapo asingeweza kumfungisha ndoa wala kumkaribisha mezani pa Bwana.

"Kwa hivyo sasa mimi ndiye hapana," alisema Mirriam. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayehesabu watoto darasani na kukuta idadi ni ileile.

Dama angeweza kunyamaza. Alichokitaka alishakipata, Chonga alikuwa ndani ya ua na ndani ya daftari, na harusi ingekuwa ya kengele, mbele ya watu wake. Miezi sita si mingi. Aliwaza hayo yote, maana hakuwa malaika, na yalimchukua muda wa kutosha kwa kasisi kuipata miwani.

"Huyu ameshabatizwa na ameshaamini, baba kasisi," alisema mwishowe. "Alinuniwa na babake mwezi mzima kwa ajili ya ubatizo huo. Mimi sitamwandikia hapana. Nimeiona inavyouma."

Kasisi alisema hakusikia vizuri. Dama akasema tena.

Walifunga ndoa Alhamisi, ofisini kwa msajili, mashahidi wawili, Everlyne na Mzee Ngowa. Wapo waliosema hiyo si ndoa. Wapo waliosema mwenye kosa ni Mirriam, mwanamke hafungui Biblia mbele ya wakwe. Mtaa ulilisema jambo hilo mpaka Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa karamu, na watu walihitaji vinywa vyao kwa pilau.

Bimdogo alifungua ghorofa yake yote. Aliwaalika kasisi na mchungaji Jared, wote wawili, kila mmoja bila kumwambia wa mwenzake, na wote wakaja. Desturi ya nyumba ile ni sinia moja kwa watu wanne, na unakaa penye nafasi. Kasisi alipata nafasi. Jared akaja nyuma yake, akapata nafasi hapo hapo. Mzee Ngowa akaongezwa, na babake Mirriam. Sinia likawekwa katikati, pilau inatoa moshi. Kasisi akamngojea Jared aombe, kwa kuwa ni mgeni. Jared akamngojea kasisi, kwa kuwa ni mkubwa. Babake Mirriam aliwatazama wote wawili. Pilau ikaanza kupoa.

"Bismillahi, jamani," alisema Bimdogo akipita na bakuli la kachumbari. "Mwangoja cheti?"

Wakala. Baadaye walisikika wakizungumzia joto, na daraja, na kama kweli kasisi aliwahi kuwa mlinda lango.

Jared alipokuwa akiondoka alimtafuta Dama ngazini, akampa karatasi iliyokunjwa. Alisema wazee hawakutaka iwekwe kwenye faili, na yeye hakuona sababu ya kuitupa. Bado, alisema, anaamini kuzama ni kuzama. Dama alimwambia najua, na kwamba Jumapili chakula kipo.

Akaikunjua hapo hapo kwenye mwanga wa dirisha la ngazi. Mstari uliokata hapana ulikuwa umenyooka. Maneno, mama yangu. Maji, Bimdogo. Hapa. Aliisoma mara moja tu, akaitia kiunoni ndani ya kanga, kwa sababu huko juu kuna mtu alikuwa akiuliza kwa sauti iliyokauka kama nyumba hii haina pilipili.